Hanisemeshi siku nne: anapoza hasira au ananiadhibu?

SWALI: Nina miaka sita kwenye ndoa. Tukigombana mume wangu hanitukani wala hanipigi, ila anaweza kumaliza siku nne hanisemeshi. Salamu haitikii, na akiwa na neno anamtuma mtoto: "Mwambie mama natoka." Anadai ananyamaza ili asiharibu zaidi. Nitajuaje kama ni kweli?

JIBU: Pole sana, dada yangu. Madai ya mumeo yana ukweli kiasi. John Gottman, mtafiti wa ndoa wa Marekani, aliwapima wanandoa mapigo ya moyo huku wakijadili mambo yanayowagombanisha. Moyo ukishavuka mapigo 100 hivi kwa dakika, mtu huwa anajihami tu, haelewi vizuri anachoambiwa. Ndiyo maana hushauri mazungumzo yasimame angalau dakika 20, mwili utulie.

Dakika 20, au tuseme hata usiku mzima. Siku ya tatu mwili ulishatulia zamani, na kinachoendelea hapo ni uamuzi wake. Anayepoza hasira huaga: "Nimekasirika, niache kidogo, tutaongea jioni." Na jioni anaongea kweli. Anayeadhibu haagi, na kimya chake huisha siku unapoomba radhi, hata kwa kosa usilolijua. Kumbuka mara tatu za mwisho: kimya kiliishaje?

Lililoniuma zaidi ni hilo la mtoto. Hilo likome kwanza, mengine yafuate. Akiletwa na ujumbe, mwambie kwa upole, "Asante, nenda kacheze," na usimrudishe na jibu.

Na mumeo msubiri siku mnayocheka pamoja. Mwambie: "Ukininunia siku nzima najiona kama simo humu ndani. Ukitaka kupoa, poa, lakini niambie tutaongea saa ngapi." Nawe, akiomba nafasi, mpe. Wengi humfuata mtu chumba hadi chumba wakidai jibu papo hapo, na hapo kimya ndipo kinaponenepa. Radhi ya kununua amani usiitoe tena; omba radhi kwa kosa unaloweza kulitaja.

Ila kama kimya hicho kinaambatana na kunyimwa matumizi, kukatazwa kuonana na ndugu zako, au unaishi kwa kumwogopa, usianze na mazungumzo hayo. Mwone mshauri peke yako kwanza, bila yeye, ili uweze kusema yote.