Furaha yenye hamu ya kusimulia

Swali lenu la wiki linauliza: "Je, aliyefiwa anaweza kuandika kuhusu furaha bila kujidanganya?" Jibu langu ni ndiyo, tena bila kusubiri huzuni iishe. Mimi nimefiwa na dada yangu, na kwa niliyoyaona, huzuni haiishi. Makali hupungua, siku nzuri zikapita katikati, kisha ikarudi bila hodi.

Wengi tumezoea kuambiwa kwamba msiba una hatua: mtu anakataa, anakasirika, na mwishoni anakubali. Daktari wa magonjwa ya akili Elisabeth Kübler-Ross alipozieleza hatua zake tano mwaka 1969, alikuwa akizungumzia hasa wagonjwa waliokuwa wanakaribia kufa. Sisi wafiwa tulibebeshwa baadaye. Naona maelezo ya watafiti wa msiba Margaret Stroebe na Henk Schut, ya mwaka 1999, yana ukweli zaidi. Wao wanasema mfiwa huenda na kurudi: mara anaukabili msiba, mara anaupa kisogo na kushughulikia maisha, na kwenda na kurudi huko ndiyo njia yenyewe ya kuzoea. Kwa hiyo anayecheka asubuhi na kulia mchana hajamsahau marehemu wala hajarukwa na akili.

Nikiwa katika msiba, watu wema walinishauri niandike kila jioni orodha ya mambo ya kushukuru. Sikuipenda hata kidogo. Orodha ya namna hiyo inakudai furaha kama mtu anayedai deni, na jioni usipokuwa nayo unaingia kulala ukiwa na hatia juu ya huzuni. Kilichonifaa ni kuziacha hisia zangu kando na kuandika kile tu kilichokuwa mbele ya macho. Nilichagua mti mmoja unaoonekana dirishani na kuandika unachofanya, wala si unachomaanisha. Siafu wanapanda upande wenye kivuli. Jani limekatika na kunaswa kwenye utando wa buibui, linazunguka. Ndege mweusi amekosea tawi, limepinda, naye amejifanya hakukosea.

Hapo kwa ndege nilicheka. Kabla kicheko hakijaisha nilitaka kumwambia dada, maana yeye ndiye angekielewa, na hayupo. Nikamwandikia: "Ungemwona huyu." Tangu siku hiyo nimeamini kwamba furaha ya mfiwa na huzuni yake hazipokezani zamu. Unaona kitu kizuri, unatamani kumsimulia mtu fulani. Tamaa hiyo moja ina furaha ndani yake, ina upendo, na ina pengo. Ukikataa kuumia utalazimika kuacha pia kuona. Daftari linanipa mahali pa kusimulia.

Viumbe vya nje vinafaa kwa kazi hii kwa sababu havikupi pole. Siafu hawajui kama umefiwa, hawakutazami usoni kukagua kama umepata nafuu. Baada ya pole nyingi, hilo ni pumziko kubwa.

Wapo waliotutangulia katika hili. Shaaban Robert, akimwombolezea mkewe Amina, alimfananisha na ua lililofunga baada ya kuchanua. Angalia alivyofanya: hakutaja kufunga peke yake, alitaja na kuchanua, na uzuri wa ua haukuondolewa ili kifo kipate nafasi. Naye mwandishi Henry David Thoreau wa Marekani alifiwa na kaka yake John mwezi Januari 1842, kwa pepopunda iliyotokana na jeraha dogo la wembe. Watu wanamkumbuka kwa kuhamia kwenye kibanda kando ya bwawa la Walden mwaka 1845, wakidhani aliwakimbia binadamu tu. Lakini kule alikwenda pia kuandika habari za safari ya mashua aliyofanya na huyo John mwaka 1839, na kurasa zake zimejaa mto, mimea na samaki. Kitabu kilidoda: nakala 706 kati ya 1000 zilirudishwa nyumbani kwake, naye akafanya mzaha kwamba ana maktaba kubwa ambayo sehemu yake kubwa ameiandika mwenyewe. Mtu wa kuombolezea kaka yake kwa samaki, kisha akacheka hasara, huyo namwelewa.

Nisiwauzie kuandika kama dawa, hata hivyo. Katika jaribio la watafiti wa saikolojia James Pennebaker na Sandra Beall, lililochapishwa mwaka 1986, wanafunzi walioandika kwa dakika 15, siku nne mfululizo, kuhusu mambo yaliyowaumiza walijisikia vibaya zaidi mara tu baada ya kuandika. Nafuu ilionekana katika miezi iliyofuata, walipokwenda mara chache zaidi kwenye zahanati ya chuo. Na hao hawakuwa wafiwa wa jana. Msiba ukiwa mbichi mno, kalamu inaweza kukurudisha palepale kwenye kitanda cha mgonjwa kila unapoishika. Ikiwa hivyo, ifunge, utafute mtu wa kukaa naye. Ukirudi kwenye daftari, anza na kitu kisichokuhusu kabisa, sentensi mbili au tatu, na usimwite marehemu. Akitaka kuingia ataingia mwenyewe, pengine kwa mlango wa kicheko.