Jibu kwa mleta mada: anajua maana ya tashibiha, akikutana nayo kwenye habari haioni

Mleta mada, umesema binti yako wa darasa la 6 ukimwuliza tashibiha ni nini anakujibu bila kupepesa macho, ila ukimpa habari asome hawezi kukuonyesha hata moja. Ushairi ndiyo kabisa. Halafu unauliza kama ukanunue kile kitabu cha maswali na majibu kinachouzwa stendi. Mimi nafundisha Kiswahili shule ya msingi, madarasa ya juu, huku Tanga, na watoto wa aina hiyo ninao kila mwaka. Wachangiaji wa juu wanasema "mazoezi tu, mkuu". Sikubaliani nao, ndiyo maana naandika kwa urefu.

Mtoto wako si mvivu. Amepewa jina kabla ya kukiona chenye jina. Ameandikishwa kwamba tashibiha hulinganisha vitu viwili kwa kutumia kama, mithili ya, sawa na, akapiga mstari, akahamia sitiari. Alichobaki nacho kichwani ni neno "kama". Jaribu leo jioni kumwandikia hizi tatu:

Kama utachelewa, utakuta mlango umefungwa.
Kama kawaida yake, shangazi alifika saa nne.
Alikimbia kama aliyekanyaga chatu.

Kuna uwezekano mkubwa akakwambia zote ni tashibiha. Usimkemee, mwulize: nani anafananishwa na nani hapa? Wanafanana kwa lipi? Kwenye sentensi ya kwanza atatafuta wa kufananishwa, hamwoni. Ya pili hamwoni. Ya tatu anamwona, na atacheka. Akishacheka ndipo unamwambia, "Hiyo sasa ndiyo tashibiha." Jina lije mwisho. Ukiniuliza mbinu yangu ni ipi, ni hiyo tu, mengine yote ni namna ya kuitumia.

Sitiari inafuata hapohapo, usiisubirishe wiki ijayo. Ondoa "kama": "Mjomba ni chatu." Weka pembeni yake: "Mjomba ni fundi cherehani." Zote zina "ni", lakini moja ni habari ya kazi yake na nyingine inamfananisha na mnyama ambaye si yeye. Tashihisi nayo ina swali lake: kitendo hiki kwa kawaida anakifanya nani? "Njaa ilibisha hodi mapema." Anayebisha hodi ni mtu, basi njaa imevalishwa utu. "Mvua ilinyesha" haina kitu, maana kunyesha ni kazi ya mvua yenyewe. Mifano ya kupotosha namna hii ni muhimu kuliko mifano mizuri, na vitabu vingi vya kiada vinaibania sana. Tafsida (kusema jambo zito au la aibu kwa maneno ya adabu) na mubalagha (kutia chumvi) hazinisumbui. Mtoto wa uswahilini anatia chumvi tangu hajajua kusoma, unamwonyesha tu kwamba anachofanya kina jina.

(Mkipata vitabu vya Kenya mtakuta tashbihi na istiara. Ni mambo yaleyale, asibabaike.)

Methali na nahau zinawachanganya mpaka wa darasa la 7. Kipimo ninachokitumia: jaribu kuichezea nyakati. Kupiga moyo konde: nimepiga moyo konde, tutapiga moyo konde, wasingepiga moyo konde. Inapinda upendavyo, inaingia ndani ya sentensi yako. Sasa chezea "Haraka haraka haina baraka". Haikubali, inasimama yenyewe na imeshamaliza kusema. Zipo nahau zisizo na kitenzi, kama mkono wa birika kwa mtu mchoyo, lakini hizo nazo zinadai sentensi ya kuingia. Mtoto akishika hapo, sehemu ya lugha ya kifasihi kwenye mtihani inapungua utisho.

Kwenye ufahamu kuna ugonjwa mwingine. Swali la "kichwa cha habari kinachofaa" na swali la "funzo" wanayajibu jibu moja. Mimi huwa nachukua ile hadithi ya fisi aliyefika njia panda. Harufu ya nyama inatoka njia zote mbili, akapeleka miguu huku na huku mpaka akapasuka msamba. Nawauliza habari inamhusu nani, wanasema fisi. Imetokea wapi? Njia panda. Hao ni wahusika na mandhari, na hata kwa hayo sitaji neno "mhusika" wala "mandhari" mpaka wamejibu. Kisha nawaambia: mtoeni fisi, muweke mtu wa mtaani kwetu, hadithi ibaki ileile. Hapo hawanyamazi. Mmoja anamleta jirani anayetaka maduka mawili kwa mtaji wa moja, mwingine kaka yake mwenye wachumba wawili (hiyo tunaipitia haraka). Nawauliza: fisi katoka, maduka yamekuja, kilichobaki bila kubadilika ni nini? Tamaa. Ndiyo dhamira. Na funzo? Ni lile ambalo ungemwambia yule mwenye maduka. Wakishafanya hivyo kwa hadithi mbili tatu, kichwa cha habari na funzo havigongani tena.

Ushairi nauonea huruma, maana unafundishwa kwa macho wakati ni kitu cha masikio. Ubeti huu niliutunga mwenyewe kwa ajili ya darasa, uchukue:

Kuku wetu katoroka, ameingia shambani,
Mchicha ameufyeka, hata jani silioni,
Jirani yetu kafoka, fimbo iko mkononi,
Mama maji kayaweka, kuku sasa yu chunguni.

Kwanza usomeni kwa sauti, mara nyingi, bila kueleza lolote. Aimbe akitaka, hata kwa mahadhi ya taarabu. Kisha apige makofi kila silabi: ku-ku-we-tu-ka-to-ro-ka, nane. Anapumua kwenye mkato. A-me-i-ngi-a-sha-mba-ni, nane nyingine. Hizo ndizo mizani, 16 kwa mshororo, yaani mstari mmoja wa shairi. Watoto wanateleza sehemu mbili: "mchicha" wanaupiga makofi mawili badala ya matatu, na "ameingia" wanaumeza e na i pamoja. Mwonyeshe kwamba m ya mchicha na ya mkononi inasimama peke yake, ila ya shambani imeshikana na b. Halafu badilisha "kafoka" iwe "amefoka", apige tena. Kofi moja linazidi, analisikia mwenyewe, na anajua kwa nini mshairi alibana neno. Ukimwandikia maelezo ya jambo hilo kwenye daftari utajaza ukurasa na asielewe.

Vina ni hivyohivyo. Asipige mstari chini, asikie: -ka katikati, -ni mwishoni, mpaka chini. Mishororo minne, basi ni tarbia. Mshairi Muyaka wa Mombasa alitunga kwa umbo hilohilo karne ya 19, na kwenye kurasa za mashairi magazetini bado limejaa. Nunua gazeti lenye ukurasa huo, akate shairi moja alihesabu. Akikuta mshororo wa mwisho unarudiwa kila ubeti, huo ni kibwagizo. Akikuta mizani nane tu kwa mshororo, pengine ameangukia utenzi.

Jambo moja kabla ya yote haya: msikilize akisoma aya moja kwa sauti. Kama bado anasoma kwa kukata silabi, anaruka nukta, hajui ndani ya alama za mtajo ni nani anayezungumza, weka tamathali (hizo tashibiha, sitiari na wenzake) kabatini. Anatumia nguvu zake zote kutamka, haibaki ya kuelewa. Msome kwa zamu kila jioni, wewe aya, yeye aya, kitu chochote chenye hadithi. Darasani kwetu tuko wengi na vitabu vya kugombania, kazi hiyo siwezi kumfanyia kila mmoja, nasema ukweli. Nyumbani inawezekana.

Sasa kitabu cha stendi. Nunua, ila fungua kurasa za majibu kwanza. Kama wameandika herufi tupu, A, C, D, bila sababu, hicho ni cha kujipima mwezi mmoja kabla ya mtihani, si cha kufundishia. Mkikitumia, funika majibu na umtake aseme kwa nini yale machaguo mengine si sahihi. Swali moja kwa namna hiyo linaweza kuwamalizia robo saa, msiharakishe. Na kikagueni pamoja na mwalimu wake, maana baadhi ya hivyo vitabu vina majibu ya makosa kabisa, nimekuta methali imewekwa kwenye kundi la nahau.

Ukipata nafasi, weka hapa picha ya ufahamu mmoja uliomshinda, ufiche jina lake na la shule. Nitakuandikia maswali ambayo ningemwuliza.