Wale mapacha wa picha la Kihindi walianzia kwa Watamil

SWALI: Dada shikamoo, mie msomaji wenu wa Tanga. Marehemu bibi yangu alikua na kanda ya Do Kaliyaan, lile picha la Kihindi la watoto mapacha wanakutana shuleni halafu wanabadilishana nyumba, tumeliangalia mpaka kanda ikawa inakwaruza. Sasa kaka yangu anasema hilo ni kopi, wameiba kwa Watamil. Kweli? Na yule mtoto ni mmoja au wawili? Bibi mpaka anafariki alikua anasema ni wawili.

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole kwa bibi. Kaka yako nusu kapatia. Do Kaliyaan ni ya 1968 na kweli imetoka kwenye picha la Kitamil, lugha ya kusini mwa India, la 1965 linaitwa Kuzhandaiyum Deivamum, lakini wizi hakuna, studio ni ileile AVM ya Madras (siku hizi Chennai) na madairekta ni walewale wawili, Krishnan na Panju, kwa hiyo walichukua kazi yao wenyewe wakairudia kwa Kihindi. Kabla ya hapo 1966 ilishatoka ya Kitelugu pia, lugha nyingine ya hukohuko kusini. Ukifukua zaidi utakuta picha la Kimarekani lenye kisa hichohicho, The Parent Trap ya Disney ya 1961, na hiyo nayo imetoka kwenye kitabu cha Mjerumani Erich Kästner cha 1949.

Ila mimi ile ya Kitamil naipenda kuliko zote na sababu ni mama mkwe. Kwa Wamarekani wazazi wameshindwana wenyewe basi, lakini kwa Watamil ndoa inavunjwa na mama wa binti, tajiri, mkali, mume wake mwenyewe hafurukuti mbele yake, na mkwe naye anatakiwa awe hivyohivyo. Jaishankar, anayeigiza mume, anakataa anaondoka, Jamuna, anayeigiza mke, anabaki kwa mama yake, kila mmoja na pacha mmoja. Hapo ndo bibi yako alikua analia, kwa sababu nyumba za namna hiyo sote tunazijua.

Kuhusu mtoto, ni mmoja. Kwenye Kitamil ni Kutty Padmini, hilo "Kutty" maana yake mdogo, na kwenye Kihindi ni Neetu Singh, enzi hizo akiitwa Baby Sonia, ndo huyohuyo wa lile picha la Amar Akbar Anthony. Zamani hakuna kompyuta, mchezo wa kumtoa mtu mara mbili ulikua hivi: kamera inakazwa isitikisike hata kidogo, nusu ya lenzi inazibwa, mtoto anaigiza upande mmoja, filamu inarudishwa nyuma, mtoto anabadilisha nguo, inazibwa nusu nyingine, anaigiza tena upande wa pili. Maana yake anaongea na hewa, anacheka na hewa, anagombana na hewa, na macho yake lazima yaangukie palepale ambapo "ndugu yake" atakuja kutokea! Mtu mzima tu inamshinda. Zile sini ambazo pacha mmoja kakupa mgongo, mara nyingi hapo wanaweka mtoto mwingine wa kimo hichohicho.

Kwa hiyo bibi hakukosea kihivyo, huenda kuna sehemu pale walikua wawili kweli. Itafute ya Kitamil, ni nyeusi na nyeupe, halafu tizama macho ya yule mtoto tu.