Mwalimu, usilichape hilo bango: kasa hana nyayo

Mwalimu, simamisha kazi kwanza. Umesema unataka bango la alama za wanyama kwa watoto wa Darasa la Tano, ukauliza maneno, ukauliza rangi, ukauliza na nani anachora vizuri. Nimesoma orodha yako: nyayo za paa, nyayo za nguruwe, nyayo za kasa, nyayo za nyoka. Nyoka, yakhe! Nyoka na nyayo wapi na wapi?

Salamu zitakuja baadaye. Mie kosa hilo nimelifanya kabla yako, tena kwa fedha za watu.

Miaka ya nyuma nilipewa kutengeneza karatasi za kuhesabia kasa kwenye ufuo mmoja huku Pemba. Vijana wa kijijini watembee alfajiri, upepo haujafuta mchanga, waandike walichokiona. Maneno nikapewa na bwana mmoja wa mjini, mtu wa tai na miwani, aliyejitambulisha kuwa mtaalamu wa lugha. Karatasi ilikuwa ya Kiingereza, na Kiingereza kina neno moja, "track", linalobeba alama ya kwato, mburuzo wa kasa, na hata reli kama ile ya Bububu iliyong'olewa zamani. Yeye kila alipoliona kaandika "nyayo". Shukuru Mungu hakukuwa na treni ufuoni.

Basi nikachapa karatasi 300 na vibao vinne: "Andika idadi ya nyayo za kasa." Laki saba na ushei zikaenda.

Kijana wa kwanza akaleta sifuri wiki tatu mfululizo. Nikamwita mvivu mbele ya wenziwe, astaghfirullah. Akanijibu kwa adabu: "Kaka, nyayo nimetafuta, hamna. Kuna mburuzo tu, kama mtu kavuta gunia la karafuu kutoka baharini." Na huo mburuzo ndio kasa mwenyewe! Wa pili yeye alihesabu kila tundu lililochimbwa na mapezi mchangani. Akaja na 412 za usiku mmoja. Kasa alikuwa mmoja. Kwa hesabu yake Pemba ingekuwa na kasa wengi kuliko mikarafuu. Wa tatu kahesabu kupanda moja, kushuka moja, kwa hiyo kila kasa kwake ni wawili. Msimu mzima wa karatasi, na hapana mbili zinazolingana. Nilizitumia kufungia maandazi.

Nacheka sasa. Siku ile sikucheka. Sehemu moja ambayo yule kijana wa kwanza aliandika sifuri kulikuwa na kiota chini mno, karibu na maji. Tungelijua mapema tungelihamisha mayai juu. Likaja bamvua. Tulipofika, ukingo wa mchanga umemeguka, mayai yako wazi, kaa wanayagombania. Kasa hutaga hata mayai mia na zaidi kwa mara moja. Piga hesabu mwenyewe.

Mzee mmoja mvuvi alikuwa amesimama pale. Alitutazama, akasoma kibao changu, akasema: "Mwanangu, wayo ni wa mwenye kukanyaga. Kasa hakanyagi. Kasa anajikokota." Maneno hayo, bure, hata kahawa sikumnunulia. Na yule wa tai nilimlipa! Nilipompigia simu akanambia "kwa mujibu wa kamusi". Kamusi haijaamka saa kumi za usiku ikatembea kwenye mchanga wa baridi, bwana.

Tangu hapo nina swali moja tu, na wewe lishike kabla hujashika kalamu: KILICHOGUSA ARDHI NI NINI? Ukilijibu hilo, neno linakuja lenyewe. Nyayo zimegusa chini, basi ni nyayo: mtu, kima, mbwa. Paa na mbuzi ni kwato, andika alama za kwato. Tumbo limebururwa, ni mburuzo au mkokoto, na hapo ndipo nyoka wako anakaa. Nguruwe mwitu ana kwato, lakini muulize mkulima wa muhogo kamjuaje: atakuonesha udongo uliofukuliwa kwa pua, kwato hata hakuzitazama. Kaa anaacha vitobo kama vya sindano. Kule maweni, kwenye jiwe tupu, paa nunga haachi chochote cha kuchora. Msasi anatazama mapito, vile vichochoro vya majani yaliyolala kwa kupitwa kila siku, na vinyesi kama vya mbuzi.

Hata kasa kwa kasa si sawa. Kasa wa kawaida anapiga mapezi ya mbele yote mawili pamoja, alama zinatazamana kulia na kushoto. Ng'amba anapiga moja moja kwa zamu, zinapishana, na mburuzo wake mwembamba zaidi. Vijana wangu walikuwa wanaliona hilo kila siku. Karatasi yangu haikuwa na pa kuliandika.

Na tafadhali, ukichora chui usimchoree kucha. Chui huficha kucha anapotembea, kama paka; mbwa hafichi. Kila baada ya muda kuna mtu Unguja anapiga picha alama ya mguu wa mbwa, kucha nne zimechomoza khasa, anatangaza chui amerudi.

Ulikuwa umeuliza nini kingine? Rangi. Sijui mie mambo ya rangi. Kama uko Pemba, yule mzee bado anavua, saa tatu asubuhi utamkuta dikoni anatengeneza nyavu. Nenda na karatasi tupu, mchukulie kahawa na kashata, deni langu hilo. Mwambie akuchoree mchangani. Ila yule nyoka mfute leo leo, usingoje mpaka ukaonane naye.