Kunyimwa visa ya masomo Kanada: mahakamani mnaweza kwenda

Dada, umeuliza kama mwanao aliyenyimwa visa ya masomo Kanada anaweza kwenda mahakamani. Anaweza, hata akiwa huko huko Mombasa. Rufaa ya kawaida haipo. Kinachoombwa ni mapitio ya kimahakama katika Mahakama ya Shirikisho, ndani ya siku 60 tangu apate jibu. (Angekuwa ndani ya Kanada, siku 15 tu.) Kwanza anaomba ruhusa ya kusikilizwa, na hapo wengi hukwama.

Jaji haamui kama kijana anastahili visa. Anaangalia kama uamuzi una mantiki, kwa karatasi zilezile alizokuwa nazo afisa, kwa hiyo taarifa mpya ya benki haitamsaidia. Someni maelezo ya ndani ya afisa. Kama amedai kijana hatarudi nyumbani, na hati ya shamba mliyoambatisha hakuigusa hata kwa neno moja, hapo mna hoja. Hukumu ya Vavilov ya 2019, ya Mahakama ya Juu ya Kanada, inataka sababu zinazoeleweka.

Mkishinda hampewi visa, faili linarudi kwa afisa mwingine. Ikiwa karatasi ndizo zilipungua, ombeni upya tu, wakili ni ghali.