Re: Mrija wa ubavuni utamponya mzee?

Pole sana ndugu. Umeuliza kama ule mrija wanaotaka kumwekea mzee ubavuni utamponya saratani ya njia ya nyongo, hapana, saratani hauiondoi, kazi yake ni kutoa nyongo iliyokwama maana ndo inayomgeuza macho njano na kumwasha mwili mzima. Wanampiga ganzi, sindano nyembamba inapita katikati ya mbavu hadi kwenye ini huku daktari anaangalia kwa ultrasaundi na eksirei, halafu waya, halafu mrija, na wakiweza kupenya palipoziba wanaweza kuacha stenti ndani (kijibomba kinachoweka njia wazi), mfuko wa nje unaopokea nyongo ukatolewa baadaye. Bilirubini, yaani ile rangi ya njano ya nyongo kwenye damu, ikishuka vizuri, kemo (dawa za saratani) inawezekana. Ila akipata homa na kutetemeka, au mfuko ghafla haupokei kitu, usisubiri kukuche, mpeleke usiku huohuo.