Kabla hujaandika siri ya ukoo, mtoe mtoto kwanza

Mwaka juzi nilianza kuandika riwaya inayotokana na maisha ya familia yetu. Nilikwenda kukaa kwa mama kijijini, huku Mufindi, mwezi wa Juni, baridi ile ya chai kupoa kabla hujafika nusu kikombe. Sura ya nne ilikuwa ya baba mdogo. Jina nilibadilisha, lakini aliyekulia kwetu angemjua tu: kibuyu chake cha ulanzi, na mazoea yake ya kumwita mtoto wa kike akammulikie taa ghalani.

Nilipofika hapo kwenye taa, kalamu ilisimama. Binti wa mdogo wangu, mwenye miaka 9, alikuwa anaishi kwa baba mdogo huyohuyo mjini Mafinga, ili awe karibu na shule.

Mimi nilimwambia mama nikiwa na miaka 11. Hakunipiga wala hakunikaripia. Aliacha tu kunituma ghalani, na neno halikutamkwa tena. Mdogo wangu hakuambiwa, ndiyo maana akampeleka mwanaye kule kwa moyo mweupe.

Nilimkuta mama uani anapepeta maharage. Nikamwambia, "Mama, yule mtoto hawezi kuendelea kukaa kule." Hakuuliza kwa nini. Ungo ulitulia mkononi, kisha akasema, "Yale si yalishaisha? Baba yako alishamsamehe nduguye." Hapo ndipo nilipojua kwamba hata marehemu baba alijua.

Nikampigia mdogo wangu usiku uleule. Alilia, akanilaumu, na alikuwa na haki. Asubuhi tukaenda kumchukua mtoto. Njiani nilitamani kumuuliza mambo mia, lakini nakusihi, usimhoji mtoto kama mpelelezi. Maswali ya kumwelekeza humchanganya, na kurudiarudia humuumiza. Mimi nilimuuliza moja tu: "Kule ulikuwa unalalaje?" Akajibu, "Mama mkubwa, naweka begi la shule mlangoni, nikisikia likisukumwa naamka."

Nikamwambia namwamini na kwamba hana kosa. Yaliyobaki tuliwaachia ofisa ustawi wa jamii na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Undani wake siuandiki hapa, ni wa mtoto.

Kama kwenu tendo la ukatili wa kingono limetokea karibuni, usimwogeshe mtoto wala usifue nguo zake. Mfikishe hospitali haraka, maana dawa za kuzuia maambukizi ya VVU hutolewa ndani ya saa 72. Polisi watakupa PF3, fomu yao ya matibabu na ushahidi. Ukishindwa pa kuanzia, piga 116, simu ya huduma kwa mtoto hapa Tanzania, ni bure. Na wazee wakikaa kikao wakupangie faini ya ng'ombe, simama utoke. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii yeyote anayejua mtoto anadhulumiwa atoe taarifa, na hilo halimalizwi kwenye kikao cha ukoo.

Watoto wa kiume nao tunawasahau sana. Utafiti wa kitaifa uliofanyika mwaka 2009 ulikuta karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7, walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Huyo mvulana mara nyingi hana hata wa kumuuliza analalaje.

Ndugu walisema nimeuvunja ukoo. Shangazi mmoja hanisalimii mpaka leo, na inaniuma, kwa sababu ndiye aliyenilea nilipokuwa nasoma Iringa. Ukiamua kusema, ujue hilo litakuja, na tafuta mapema hata mtu mmoja wa kusimama naye. Mimi nilikuwa na mdogo wangu, ingawa baada ya kumchukua mtoto alikaa siku tatu bila kupokea simu zangu.

Riwaya niliirudia baada ya miezi mingi. Mtoto wetu nimemtoa kabisa humo, hata kwa jina la kubuni, kwa kuwa habari ile ataisimulia mwenyewe akitaka. Yangu nimeiacha. Sura ya nne nilimsomea mama jikoni, taratibu, naye akisikiliza ameinama. Nilipofika pale anapoacha kunituma ghalani, akaniwekea mkono juu ya karatasi. "Hapa umenificha," akasema. "Andika kwamba nilijua."